Ndege ya Moja kwa Moja

Mhudumu wa ndege aliingia dukani ameishika sare yake kwa ncha za vidole, kama mtu aliyembeba panya kwa mkia. Akaitupa juu ya kaunta.

"Dada, niokoe. Juisi ya nyanya. Kesho kutwa nina safari tena, na hii ndiyo sare yangu nzuri."

Mwenye duka la udobi aliliinua koti la sare ile, akaligeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Mtaani walimwita Povu, na jina hilo alipewa na mumewe. Siku ya kwanza walipoonana, yule bwana alileta ovaroli iliyolowa grisi, akamkuta ana povu la sabuni kwenye kipaji cha uso, akaganda mlangoni anamwangalia mpaka akasahau kilichomleta. "Una povu hapo," ndilo neno pekee lililomtoka. Wakacheka wote wawili. Yeye, kwa kuwa alikuwa fundi wa lifti, akaitwa Lifti. Mwaka haukuisha wakaoana. Kisha Lifti akapata kazi katika mji wa mbali, kilomita elfu saba kutoka pale, akawa anarudi nyumbani mara moja tu kwa mwaka.

"Litatoka," Povu alisema. "Nani amekufanyia unyama huu?"

"Abiria. Baba mzima, alikuwa amesinzia, akashtuka akaparamia gilasi. Hata pole hakusema, aliomba nyingine."

"Mlikuwa mnatoka wapi?"

Mhudumu akautaja mji. Uso wa Povu ukachanua palepale.

"Huko ndiko anakofanya kazi mume wangu! Tena yuko njiani sasa hivi. Kesho jioni anafika."

Kule nyuma, shangazi yake aliyekuwa akipiga pasi mashuka aliguna. Shangazi hakuwahi kuipenda ndoa ile. "Fimbo ya mbali haiui nyoka," alisema siku Lifti alipoondoka mara ya kwanza, na tangu hapo alikuwa akilirudia neno hilo kila pasi ilipopata moto.

"Kesho jioni?" mhudumu akashangaa. "Kapanda meli?"

"Ndege mbili. Anashuka kiwanja cha katikati, analala kwenye kiti cha chuma hadi asubuhi, ndipo anaunganisha. Siku mbili za mateso. Akifika miguu imemvimba, viatu havimtoki."

"Zamani ilikuwa hivyo, dada. Huu mwaka wa pili kuna ndege ya moja kwa moja. Unapanda usiku, unakaa angani saa tisa tu, asubuhi uko kwenu unakunywa chai. Na nauli yake ni nafuu. Siku hizi nani anahangaika kuunganisha?"

"Labda tiketi anakatiwa kazini," Povu akamtetea mumewe. Akachukua simu yake kifuani, akafungua picha aliyoipenda kuliko zote, Lifti akiwa ameegemea ukuta wa duka hilihili, anacheka. "Ndiye huyu. Mtazame mwenyewe, kama anafanana na mtu wa kulala kwenye kiti cha chuma."

Mhudumu akatazama akitabasamu. Kisha tabasamu likapoa. Akalitazama koti pale kaunta, akairudia picha.

"Ana kovu dogo hapa chini ya kidevu?"

"Analo. Aliumia na waya wa lifti. Umelijuaje?"

Mhudumu alianza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake, kitu ambacho hakikuwemo. "Watu wanafanana, dada. Mimi usiku hata sioni vizuri."

"Wanafanana mpaka kovu?" Shangazi aliuliza kutoka nyuma, na akaiweka pasi chini.

*

Povu alijipenyeza katikati ya nguo zilizotundikwa, akajificha kati ya makoti na magauni ya watu. Kama ni yeye aliyemwaga juisi usiku ule, basi alishatua tangu asubuhi. Yuko wapi? Kwa nani?

Aliishika simu karibu na mdomo kama alivyofanya kila usiku kwa miezi yote ile. Hivyo ndivyo walivyoishi. Yeye alimtumia ujumbe wa sauti kabla ya kulala, akimsimulia ya dukani, akimwimbia akiwa na furaha, akilia akiwa na huzuni. Yako mambo ambayo hata Shangazi hakuyajua, ila Lifti aliyajua, kwa kuwa aliyanong'ona gizani ndani ya simu ile, shuka limemfunika kichwa.

"Mume wangu," alisema polepole, "nimekaa nakuwaza. Nyumba nimeipiga deki mara mbili. Nimetandika lile shuka la buluu unalolipenda. Kama uko karibu, hata kama uko karibu kuliko ulivyoniambia, njoo tu. Sitauliza kitu."

Jibu lilikuja kwa maandishi, haraka kuliko alivyotarajia. *Niko bado hapa kiwanja cha katikati. Mtandao mbovu. Hiki kiti cha chuma kinaniua mgongo. Nakupenda Povu wangu.*

Alilisoma mara nyingi. Alitaka sana kuliamini. Kama si lile doa la nyanya angeliamini.

"Ni mwanamke," alimwambia Shangazi alipotoka. "Anaye mwanamke mwingine hapahapa mjini."

"Usimhukumu kwa koti la mtu." Ajabu, leo Shangazi ndiye aliyekuwa mpole. "Unakwenda wapi sasa?"

"Kwa mama yake. Mapazia yake yako tayari tangu juzi. Kama yuko mwanamke, mama atakuwa anajua. Nitamwomba anishauri."

"Yule? Aliyesema mwanawe hawezi kuoa mfua chupi za watu?"

"Ndiye mama niliye naye huko, Shangazi."

*

Mama mkwe aliishi ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa siku nyingi. Kila mwaka mwanawe aliahidi kuitengeneza akija, na kila mwaka aliondoka bila kuigusa. Povu alipanda ngazi amekumbatia mapazia yaliyopigwa pasi. Alikuwa akiyafua bure tangu alipoolewa, na hakuwahi kuambiwa asante. Njiani alijikaza kisabuni, akapanga maneno yake. *Shikamoo mama. Nimekuja kwako kama mtoto.*

Mlango ulikuwa umeegeshwa kwa ajili ya joto. Aliinua mkono kubisha, na hapo akaisikia sauti ya mwanamke anayemjua vizuri.

"...*hata kama uko karibu kuliko ulivyoniambia, njoo tu. Sitauliza kitu.*"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Ilitoka kwenye spika ya simu, imefunguliwa mpaka mwisho.

Kicheko kikalipuka ndani.

"'Sitauliza kitu!'" Wifi yake, dada wa Lifti, aliigiza kwa kubana pua. "Jamani, huyu kweli dobi. Anafua mpaka makosa!"

Mama mkwe alicheka hadi akakohoa. "Rudia, rudia pale pa shuka."

"Acheni bwana," sauti ya Lifti ilisema. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye tonge mdomoni, na ndani yake kulikuwa na kicheko.

*Nimetandika lile shuka la buluu*, simu ikasema tena.

Povu aliusukuma mlango kwa bega.

Katika kazi yake alikuwa ameona kila kitu kinachoweza kumtoka binadamu kikaingia kwenye kitambaa. Matapishi, usaha, mashuka ya wagonjwa wa kuhara. Hakuwahi hata siku moja kugeuza uso. Lakini aliyoyaona sebuleni mle yalimfanya ameze mate machungu.

Lifti alikuwa amejilaza kwenye kochi, fulana imepanda juu ya kitambi. Mguu mmoja ulikuwa ndani ya beseni la maji yaliyogeuka rangi ya kijivu. Mwingine ulikuwa mapajani mwa mama yake, naye mama alikuwa anamkata kucha. Mtu wa miaka arobaini kasoro. Vipande vya kucha, vinene na vya njano, vilikuwa vimerukia juu ya meza, vingine vimetua pembeni ya sahani ya kuku. Yeye hakuviona, au aliviona wala visimsumbue. Alikuwa anafyonza mfupa wa paja, mafuta yanamtiririka hadi kwenye lile kovu la kidevuni.

Na sanduku lake lilikuwa wazi katikati ya chumba, limepekuliwa kama pipa la taka lililopitiwa na paka. Wifi alisimama juu yake amevaa nguo ya kulalia ya hariri. Aliivaa juu ya suruali, kishikizo kimekatika kwa kumbana, na kwapani tayari kulikuwa na duara la jasho.

Lifti mwaka mzima alikuwa akimwambia Povu juu ya nguo ile. *Nimekununulia kitu. Siku nikifika utanivalia.*

Simu iliendelea, ikarukia ujumbe mwingine wa zamani, *Mpenzi wangu, leo nimeshindwa kulala*, mpaka Lifti alipoibonyeza kwa kidole chenye mafuta.

"Povu," alisema. "Mke wangu. Mimi... ndege iliwahi."

"Iliwahi kwa siku nzima?"

"Yaani walibadilisha. Dakika za mwisho. Nilitaka kukushtukiza."

"Dakika si nyingi zilizopita umeniandikia uko kwenye kiti cha chuma."

Mama mkwe aliuweka mguu wa mwanawe chini, polepole, kama chombo cha udongo. Hakuonekana kuona haya. "Kwanza mkwe, watu hubisha hodi. Pili, kosa liko wapi? Mtoto akitoka safari huanza kwa mama yake. Anapumzika siku moja, anakula, anasafishwa, kesho yake anakuja kwako mzima. Wewe ungetaka akufikie ananuka?"

"Kila mwaka, mama?"

"Tangu hiyo ndege ilipoanza. Mwanangu ana akili. Angesema ukweli ungemvuta kwako moja kwa moja, sisi tukabaki kuokota makombo."

Povu alimgeukia wifi yake. Wifi alijaribu kuifunika ile hariri kwa mikono miwili.

"Nilikuwa najaribu tu, wifi. Nione kama itakutosha."

"Na yale manukato ya mwaka jana yaliyofika nusu chupa? Na ile blauzi iliyokuwa na harufu kwapani, nikaambiwa ni harufu ya tumbo la ndege?"

Wifi akatazama chini. Povu alikumbuka jinsi alivyoifua ile blauzi mara tatu, kisha akaivaa kwa furaha, akajinusa, akajisemea kuwa hiyo ndiyo harufu ya umbali. Alikuwa amevaa jasho la mtu, na kulipenda.

"Vitu ni vitu," alisema. "Hivyo chukueni. Lakini sauti yangu? Nilisema na mume wangu chumbani kwangu. Nyinyi mlikuwa mnafanya nini mle?"

"Usikuze jambo," mama mkwe akajibu. "Sisi ni familia, tunacheka. Tena hayo mengine hatukucheka. Yale ya daktari, kwamba kizazi chako kinataka matibabu, nilisikitika sana. Nilimwambia hata mjomba wake aje asikie."

Mapazia yalimtoka Povu mikononi, yakaangukia ndani ya beseni.

Alimtazama Lifti. Alimtafuta yule mwanamume aliyeganda mlangoni na ovaroli yake, aliyesahau kilichomleta. Alitazama macho yaleyale yaliyowahi kumyeyusha. Sasa yalikuwa yanakimbia kutoka kwa mama hadi kwa dada, yakiomba msaada. Mdomoni bado alikuwa na kipande cha nyama. Hakuwa amekumbuka hata kukimeza.

Povu akatoka nje.

*

Lifti alimfuata hadi kwenye ngazi, peku, mguu mmoja unaacha alama za maji machafu sakafuni. Akamdaka mkono.

"Povu, nisikilize. Hakuna mwanamke. Nakuapia, sina mwanamke mwingine popote!"

"Ningeshukuru ungekuwa naye," Povu alisema, akautazama mkono wake. Vidole vya yule bwana vilikuwa vimeacha mafuta ya kuku kwenye ngozi yake. "Mwanamke mwingine ningemchukia, basi. Ningelia, ningepigana naye. Nyinyi mnanitia kinyaa tu."

"Ilikuwa utani."

"Nani aliyeanza? Nani aliyewasha spika mara ya kwanza?"

Lifti aliuachia mkono wake, akaitazama simu aliyoishika kwa mkono wa pili.

"Mama alitaka kujua kama unanipenda kweli," alisema mwishowe. "Alikuwa ananisema kila siku, dobi huyo amefuata mshahara wako. Nikamwekea ujumbe mmoja, asikie mwenyewe. Mmoja tu. Wakacheka kidogo, na mimi nikacheka. Kisha ikawa mazoea. Lakini kule peke yangu, Povu, kule baridi, jumbe zako zilikuwa zinanilaza usingizi. Haki ya Mungu. Bila sauti yako silali."

Alisema kweli, na Povu aliona kuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Lifti alimpenda. Alimpenda usiku, na mchana akampeleka sebuleni akawachekeshe wengine.

"Nipe simu."

"Ya nini?"

"Nipe."

Alimpa. Povu aliipangusa kioo kwa pindo la gauni, akaufungua ukurasa wa jumbe zao. Zilikuwa nyingi mno, ujumbe juu ya ujumbe, miezi kwa miezi. Akaanza kufuta. Lifti alipoelewa, uso ulimpauka kama karatasi.

"Hapana. Povu, usifute. Niachie ule wa siku ya mvua. Niachie huo tu, tafadhali."

Povu alijua ujumbe anaousema. Siku ile paa la duka lilivuja, naye alikuwa amekaa chini ya meza anamwimbia mumewe wimbo wa kubuni, huku maji yanadondoka kwenye ndoo. Kidole chake kilisita. Machozi yakamlenga, akayaacha yatoke, hakuona sababu ya kumficha mtu huyu machozi baada ya yote aliyoyasikia.

"Mama yako alikwisha kuusikia?"

Lifti aliinamisha kichwa.

Akaufuta.

Alipomaliza alimrudishia simu, akashuka ngazi. Nyuma yake alimsikia mama mkwe akiita kutoka mlangoni, "Mwache aende! Atarudi, atakwenda wapi? Njoo nimalizie mguu huu mwanangu, maji yanapoa." Na kitu ambacho Povu hakukitegemea, kilichompa nguvu za kufika chini bila kuanguka, ni kwamba alisikia nyayo za Lifti zikirudi ndani.

*

Shangazi alikuwa na haki ya kusema *nilikwambia*. Miaka yote alikuwa akiiweka akiba kauli hiyo. Lakini Povu alipoingia dukani na kusimulia, akisita kila alipofika kwenye zile kucha, Shangazi hakusema. Alifunga duka mapema, akampeleka nyumbani, akamchemshia maji ya kuoga. Povu alijisugua mpaka ngozi ikauma. Bado alihisi kama kuna watu chumbani. Alipopanda kitandani, alijikuta anashindwa hata kukohoa kwa sauti.

"Itapita," Shangazi alisema, ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Nilikuwa nampenda, Shangazi."

"Najua. Kama hungempenda usingeumwa hivi."

"Nilikuwa nikitazama juu kila ndege ikipita. Nilikuwa nasema, ameshapita nusu ya njia. Kumbe yuko kule, dakika kumi kutoka hapa, anakatwa kucha."

Shangazi alijaribu kujizuia. Hakuweza. Pua yake ilitoa mlio, mabega yakaanza kutikisika, na Povu alipomwona vile akacheka naye, kicheko kibaya kilichochanganyika na kilio, mpaka wote wawili wakashikana wasijue ni nani anayembembeleza mwenzake.

Kesho yake jioni, saa ileile aliyokuwa amemwambia tangu mwanzo, Lifti alibisha hodi.

Povu alifungua mlango akabaki amesimama. Mumewe alikuwa amenyoa, amevaa viatu na koti la safari, sanduku liko pembeni limefungwa vizuri. Mkononi alishika ile nguo ya kulalia, imekunjwa ndani ya karatasi mpya. Alikuwa mzuri, hilo halikuweza kukataliwa. Hata macho aliyafanya mekundu kidogo, kama ya mtu ambaye hakulala. Mtu asiyejua chochote angemwonea huruma, angempokea mzigo, angemkalisha na kumvua viatu.

Povu alingoja. Alimpa nafasi. Ndani kabisa, mahali alipoona haya kupachungulia, kulikuwa na mwanamke aliyetaka aambiwe neno moja tu la kweli, hata kama lingekuwa baya, ili apate pa kuanzia.

Lifti alishusha pumzi ndefu, ya mchoko wa njia.

"Nimefika, mke wangu," alisema.

"Ulifika jana," Povu akamjibu, akaurudisha mlango taratibu, akazungusha ufunguo.